Simu ya Ng'ambo ya Ua Inayopitia Dar es Salaam

Mwezi wa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, nilikuwa kwenye ghala letu la Masasi siku ambayo mawasiliano na makao makuu yalikatika kuanzia saa tatu asubuhi hadi jua linazama. Malori yalikuwa yamejipanga kutoka getini hadi barabarani, na karani wa mizani alipomaliza kupima lori la kwanza alinyanyua simu ya mezani kumpigia mhasibu, ili amsomee uzito na hati ya mapokezi ianze kuandaliwa. Simu haikuwa na mlio. Kati ya mizani na ofisi ya mhasibu kuna ua wenye upana wa hatua hamsini hivi, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi, lakini mtambo unaounganisha simu zetu zote ulikuwa umefungwa Dar es Salaam, kwa hiyo kila simu iliyopigwa kutoka upande mmoja wa ua kwenda upande wa pili ilikuwa ikienda huko kwanza ndipo irudi Masasi. Mzee mmoja aliyekuja na mzigo wa chama chake cha msingi cha ushirika, ambaye alikuwa akimtazama karani anavyobonyeza vitufe bila mafanikio, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mhasibu si yule pale dirishani? Sasa huko Dar es Salaam mnamtafutia nini?"

Nilimwambia, "Ni kweli, mzee wangu," nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na maelezo ya kitaalamu ambayo yangelijibu swali lile. Siku nzima karani alivuka ua akiwa na karatasi mkononi, na kila alipoondoka mizani ilibaki haina mtu.

Kazi yangu ni kuhudumia mawasiliano ya matawi ya kampuni inayoendesha maghala ya mazao katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Asiyeijua kazi ya ghala anaweza kudhani kwamba simu kukatika kwa saa chache ni usumbufu mdogo tu. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, chama huzileta ghala kuu, ghala hupima na kutoa hati, na ni baada ya hapo ndipo mzigo huingizwa mnadani na mkulima kusubiri malipo yake benki. Katika misimu ya karibuni minada yenyewe imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Uzito ambao haukuingizwa kwa wakati huweza kuukosa mnada wa wiki hiyo, na anayeumia kwanza ni mtu wa Chiungutwa au Lukuledi ambaye amekwisha kuahidi ada ya shule. Ndiyo maana naona kwamba tawi linalosimama kwa sababu laini ya Dar imekatika limejengwa vibaya, hata kama aliyekata laini ni mvua.

Jambo ambalo nilichelewa kulielewa ni kwamba maneno "mtandao umekatika" hayatoshi kumwambia fundi chochote. Mwezi Mei 2024 ulinifunza hilo kwa namna isiyosahaulika. Kwanza kilikuja Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa mwezi, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Jumatatu asubuhi matawi yote yalinipigia yakisema neno lile lile, kwamba hakuna mtandao. Nilipokaa na kujaribu huduma moja baada ya nyingine, nilikuta picha tofauti kabisa: njia ya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ilikuwa nzima, seva yetu ya hati iliyoko Dar iliitika bila kuchelewa, lakini barua pepe zilizotunzwa kwenye seva za Ulaya hazikufunguka, na mfumo wa hati wenyewe ulikataa kumruhusu mtu yeyote kuingia kwa sababu uhakiki wa nywila ulikuwa unafanywa na huduma iliyoko ng'ambo. Mlango ulikuwa hapa na ufunguo ulikuwa nje ya nchi.

Tangu hapo kila tawi lina ukurasa mmoja kwenye kompyuta ya meneja wenye alama tatu zinazogeuka kijani au nyekundu: ya kwanza inaonyesha kama kifaa cha kwanza cha mtoa huduma kinaitika, ya pili kama seva ya Dar inaitika, ya tatu kama anwani mojawapo iliyoko ng'ambo inaitika. Siku hizi meneja wa Newala hanipigii kusema mtandao hakuna, bali husema, "Kaka, ya kwanza kijani, ya pili nyekundu," nami hapo hapo najua kwamba tatizo liko njiani, si ofisini kwake. Uhakiki wa nywila tuliurudisha Dar es Salaam mwaka ule ule.

Baada ya siku ile ya Masasi, hata hivyo, nililoanza nalo ni mtambo wa simu. Makao makuu walipendekeza njia ya kati, yaani mtambo mkuu ubaki Dar na kila tawi liwekewe kifaa kidogo kitakachoshika kazi pale tu laini inapokatika. Ni njia inayotumika duniani kote na si mbaya, na tuliijaribu kwa mwezi mzima. Nilichokiona ni kwamba simu za mezani za aina hii, zinazopitisha sauti kwenye mtandao, zina uvumilivu kuliko binadamu. Kwa kawaida simu hujisajili kwenye mtambo na kukubaliana nao kwamba usajili huo utadumu hadi sekunde 3600, kwa hiyo laini ikikatika dakika tano baada ya usajili, simu inaweza kuendelea kuamini karibu saa nzima kwamba mambo ni shwari. Mtu akipiga, simu hutuma ombi, hurudia, husubiri, na kwa kanuni za itifaki yenyewe, yaani lugha ambayo simu hizi huzungumza na mtambo, huweza kusubiri hadi sekunde 32 kabla ya kukubali kwamba hakuna anayejibu. Nilisimama na saa mkononi pembeni ya karani wa mizani, na hakuna hata mara moja aliyofika sekunde kumi kabla ya kurudisha simu mahali pake na kuanza kuvuka ua. Tulipunguza muda wa usajili hadi dakika mbili, mambo yakawa nafuu, lakini hayakuwa mazuri.

Nikaamua kwamba kila tawi liwe na mtambo wake muda wote, laini iwepo au isiwepo. Kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kitabu, yenye programu ya kuendeshea mtambo wa simu iitwayo Asterisk, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 1999, inatosha kabisa kwa tawi la simu kumi na tano. Simu ya mizani ikimpigia mhasibu, sauti haitoki nje ya ua, na mtambo wa tawi huitafuta Dar pale tu anayepigiwa yuko Dar. Makao makuu walikuwa na hofu kwamba sasa kutakuwa na mitambo sita ya kutunza badala ya mmoja, na hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu mtambo uliosahaulika kwenye kabati la tawi ni mlango wazi kwa wezi wa dakika za simu. Kwa hiyo mipangilio yote huandikwa sehemu moja na kupelekwa matawini kila usiku, nywila hazichaguliwi na mtu wa tawi, na hapa Mtwara mjini nina mtambo wa akiba ambao fundi yeyote anaweza kuupakia kwenye basi la asubuhi.

Kulikuwa na shimo moja ambalo sikuliona mapema, nalo ni namba iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa kila ghala, ambayo ndiyo wakulima na viongozi wa vyama wanaijua. Namba hiyo iliingilia Dar es Salaam. Tawi lilikuwa linaweza kupiga nje kwa njia ya akiba huku yeyote anayelipigia akiambiwa kwamba namba haipatikani, na watu wakadhani ghala limefungwa. Hili halitibiki ndani ya tawi. Ni lazima uelekezaji uwekwe upande wa mtoa huduma, ili namba ya ukutani ikishindwa kufika kwenye mtambo wetu, simu ihamie yenyewe kwenye kitochi kinachokaa kwenye droo ya mhasibu. Nasema kitochi kwa kukusudia, kwa kuwa simu janja ya kampuni huishia kuwa ya mtu fulani, na chaji yake haimalizi siku, ilhali kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa.

Sasa nije kwenye njia ya akiba yenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi hutupwa. Tulikuwa na faiba ya kampuni moja na modemu ya kampuni nyingine, na ruta iliyoahidi kuhama yenyewe kutoka njia moja kwenda nyingine. Siku faiba ilipokatika mbali huko Kilwa, ruta haikuhama, kwa sababu ilichokuwa inakipima ni kama kifaa cha mtoa huduma kilichoko ukutani kwetu kinaitika, na kifaa hicho kilikuwa kizima, kinaitika vizuri na taa yake ya kijani. Ruta ni lazima iulize mbali zaidi: sasa zetu huuliza anwani tatu, moja ikiwa Dar es Salaam, na zote tatu zikinyamaza mara tatu mfululizo ndipo zinahama. Kurudi nako kunahitaji subira, kwa sababu laini inayokufa hufufuka na kufa tena mara nyingi kabla ya kutulia, na kila ruta inapohama simu zilizokuwa zikiendelea hukatika. Tumeweka kwamba njia kuu iwe nzima kwa dakika kumi bila kukoma ndipo kazi irudishwe kwake.

Newala ilinifundisha jambo jingine. Pale tulikuwa na modemu mbili zenye laini za kampuni mbili tofauti, nami nilijiona nimemaliza kazi. Umeme ulipokatika tangu usiku hadi mchana wa pili, zote mbili zilikufa zikipishana dakika chache tu. Nilipokwenda kuuliza, mlinzi wa mnara alinionyesha kwamba kampuni zote mbili zimepanga kwenye mnara huo huo, zinakula betri hizo hizo, na dizeli ya jenereta ilikuwa imekwisha. Tulikuwa na laini mbili juu ya mguu mmoja. Kabla ya kununua njia ya akiba sasa namwuliza mtoa huduma maswali matatu kwa maandishi, yaani mnara gani, umeme gani, na faiba yake inafuata barabara gani, na asiyejibu simlipi. Newala tuliweka antena ya kuelekeza juu ya bomba la chuma, ikautazama mnara ulioko upande wa Tandahimba, na modemu ya pili tukaifunga kwa mkono kwenye mtandao wake wa nyumbani, kwa sababu pale ukingoni mwa uwanda wa Makonde, Bonde la Ruvuma likiwa chini yako, kifaa kilichoachiwa kujichagulia mtandao huweza kunasa mawimbi ya Msumbiji na kumaliza salio kwa gharama za nje ya nchi.

Laini ya akiba nayo ina tabia ya kufa kimya kimya. Bando huisha muda wake bila kutumika, na laini isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa, kwa hiyo kila usiku modemu ya akiba hubeba kazi ndogo ya kunakili mipangilio, ili tujue kila asubuhi kama iko hai. Na siku inaposhika kazi kweli, ni lazima izuiwe isibebe kila kitu. Mara ya kwanza tuliacha wazi, na kompyuta nane zikaanza kupakua masasisho kwa pamoja zikamaliza bando kabla ya saa sita mchana. Sasa kwenye njia ya akiba hupita simu, hati na barua pepe peke yake. Simu inayofunga sauti kwa njia ya kawaida iitwayo G.711 hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande ikihesabiwa na vifungashio vyake, ile ya G.729, inayoibana sauti zaidi, hula karibu kilobiti 31, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tawi litakuwa na mazungumzo mawili au sita kwa wakati mmoja kwenye mnara uliozidiwa.

Umeme nitausemea kwa ufupi kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Kisanduku cha faiba, ruta, swichi na mtambo wa simu vikijumlishwa pamoja na simu zenyewe hula kama wati 50 kwenye tawi letu dogo. Betri moja ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, na ukitumia nusu yake ili isizeeke mapema, ukatoa upotevu wa inveta, unapata kama saa kumi. Printa isichomekwe hapo. Kwa matawi ya Mtwara mjini na Lindi naongeza kwamba viunganishi vya antena vifungwe kwa utepe wa mpira na vifunguliwe kukaguliwa kila mwaka, kwa sababu hewa ya bahari hujenga kutu ya kijani ndani ya kiunganishi ambacho kwa nje kinang'aa.

Kuna saa ambazo hata data ya simu haipo, na hapo ujumbe mfupi wa maneno ndio unaobaki. Haupiti kwenye njia ya data, bali kwenye njia ya ishara ambayo mnara huitumia kuziita simu, na kama mpokeaji hapatikani hutunzwa hadi apatikane. Tumekubaliana mpangilio mmoja kwa matawi yote: jina la tawi, namba ya hati, idadi ya magunia, kilo, saa, na herufi za kwanza za aliyepima. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, lakini alama yoyote iliyo nje ya orodha ya msingi, kama vikatuni vya uso au ritifaa iliyopinda ambayo baadhi ya simu janja huiweka kwenye neno kama ng'ombe, huishusha nafasi hiyo hadi herufi 70, ujumbe ukagawanyika vipande na kipande kimoja kikachelewa kufika. Hati za karatasi za siku kama hizo hutoka kwenye vitabu vilivyochapwa namba kabla, kila tawi na mfululizo wake, ili laini ikirudi na kumbukumbu zikiingizwa, hati ya Masasi isigongane na ya Nachingwea.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Siku ya kukatika kwa mawasiliano ndiyo siku ya tapeli. Kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na wengi wetu huufuta bila kufikiri. Lakini siku ambayo ofisi nzima inafanya kazi kwa ujumbe mfupi, na mhasibu anategemea kweli maelekezo kutoka Dar, ujumbe wa aina hiyo unakuta mlango haujafungwa. Kwetu maelekezo ya malipo hayapokelewi kwa ujumbe, hata yakitoka kwenye namba ya mkurugenzi. Mhasibu hupiga namba iliyoandikwa kwenye daftari la tawi, akasikia sauti anayoifahamu, na kama sauti haipatikani malipo hungoja. Meneja akimlazimisha, ana ruhusa yangu na ya makao makuu kukataa.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, nachomoa faiba ya tawi mojawapo bila kutoa taarifa kwa yeyote isipokuwa mkuu wa kanda. Mara ya kwanza meneja alikasirika akaniambia, "Kaka, unatuletea shida ambayo hatuna," na nikamwomba anipe saa moja tu. Simu za ndani ziliendelea, ruta ilihama, kila kitu nilichokijenga kilifanya kazi. Kisha nikapiga namba ya ukutani. Tuliisikia ikiita ndani ya droo, ikaita hadi ikakatika, kwa sababu ufunguo wa droo alikuwa nao mhasibu, na mhasibu alikuwa likizo Ndanda. Sasa kitochi kinaning'inia kwenye msumari nyuma ya meza, mbele ya macho ya kila mtu.

Tawi ambalo bado halinipi usingizi ni Liwale. Tunategemea mnara mmoja, na watoa huduma niliowauliza maswali yangu matatu wamenijibu kwa uaminifu kwamba hawana njia nyingine ya kunipa. Setilaiti ya mbali, inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ingefaa kwa hati, ila sauti ikienda na jibu likirudi hupita zaidi ya nusu sekunde, watu wakawa wanaongea kwa pamoja, na ada yake ya mwezi ni kubwa kwa tawi la watu wanne. Kwa hiyo nimerudi kwenye kifaa ambacho misheni na hospitali za kusini zilikitegemea kabla ya simu za mkononi kufika, yaani redio ya upepo, ambayo haihitaji mnara wowote kati ya Liwale na Mtwara kwa kuwa mawimbi yake hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini. Itabeba sauti na uzito wa mizani, si zaidi, na waendeshaji wawili watapaswa kujifunza kwamba masafa yanayosikika mchana si yale yanayosikika usiku. Maombi ya kibali cha masafa yako Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Nguzo za antena na waya wake zimeshafika Nachingwea, zimelazwa kwenye veranda ya ghala, zinangoja barabara ya Liwale ikauke.